Nenda na Gorogoro Yako

Siku ya soko pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, mama anayefanya biashara ya njugu ana vyombo viwili tu: gorogoro na kijiti. Gorogoro ni kile kikopo cha kilo mbili ambacho hakuna mtu wa upande huu asiyekijua. Kijiti ni kipande cha mti kilicholainika kwa miaka ya kushikwa. Anaponunua kwa mkulima aliyetoka Iyolwa, huko Budama upande wa Uganda, na gunia lake, gorogoro hujazwa mpaka njugu zinasimama kama kichuguu, na zinazomwagika pembeni hurudishwa juu kwa kiganja. Hicho ndicho kilele. Anapouza, kijiti hupita juu ya mdomo wa kopo, mara moja, polepole, na kilele hurudi guniani. Gorogoro 10 alizonunua kwa kilele humpa 11 zilizokwanguliwa, na pengine konzi moja ya kumnyamazisha mtoto mgongoni. Ada ya shule hutoka kwenye hiyo ya kumi na moja.

Nimeanza na kijiti hicho kwa sababu nataka kusema na wewe, mdogo wangu wa Iyolwa uliye chuoni au uliyemaliza juzi na sasa unahesabu siku nyumbani. Nataka tuzungumze kuhusu kwenda kusoma biashara ng'ambo kwa wiki chache za likizo, kwenye zile kozi za kimataifa ambazo vyuo vikuu hufungua katikati ya mwaka. Najua neno la kwanza litakalokujia mdomoni. Utasema hayo ni ya watoto wa mitaa ya matajiri, Kololo na Karen. Lishike kwanza neno hilo, usilitamke, mpaka nimalize.

Mtoto wa mpakani huanza kusoma biashara ya kimataifa kabla hajajua kuandika jina lake. Alitumwa dukani na shilingi za Uganda akarudishiwa chenji ya Kenya, na akikosea hesabu aliulizwa nyumbani zilizobaki ziko wapi. Anajua kwamba sabuni ikipanda upande huu, kesho yake kina mama wanaifuata upande ule. Anawajua wabadilishaji pesa wanaosimama kando ya barabara na mabunda mkononi, wanaokutajia kiwango cha leo kabla benki haijafungua mlango. Amemwona mfanyabiashara akifika geti la mpakani na magunia, akisikia kiwango, akigeuza mkokoteni na kurudi nao nyumbani. Kuna wanafunzi wa fedha London na Copenhagen ambao jambo hilo wamelisoma kwenye michoro tu. Wewe umelisikia likibishaniwa kwa sauti, na ukamwona aliyepata hasara akinunua chai kwa mkopo.

Halafu kuna boda boda. Neno hilo ni letu. Lilizaliwa hapa Busia katika miaka ya 1960 na 1970, vijana walipofunga kiti nyuma ya baiskeli wakawabeba abiria kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, huku wakinadi kwa neno la Kiingereza la mpaka: boda, boda! Leo Kampala inaamka nalo, Nairobi inalo, Mwanza inalo, Juba inalo. Kampuni za simu na programu zimejengwa juu yake. Vijana wale walitazama nafasi iliyokuwa kati ya vituo viwili, wakaona watu wazima wakitembea juani na mizigo kichwani, wakajua kuna mtu yuko tayari kulipa. Ukisikia mtu anasema watu wa kwetu hawana akili ya biashara, mkumbushe anapanda nini kila asubuhi.

Sasa utaniuliza: kama tunayajua haya yote, darasa la ng'ambo la nini?

Jibu langu liko Machi 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu kwenye nafaka na njugu zisizokaushwa vizuri. Malori yakapanga foleni mpakani. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti, na sumukuvu isizidi sehemu 10 katika kila bilioni. Yule mama, ambaye kijiti chake hakijakosea hata siku moja, angeipimaje sehemu moja katika bilioni? Mpaka ulikuwa umehama kutoka getini, ukaingia ndani ya punje.

Na si mahindi tu. Umoja wa Ulaya haupokei njugu za kuliwa moja kwa moja zikiwa na sumukuvu inayozidi sehemu 4 katika bilioni. Kati ya 10 ya hapa kwetu na 4 ya kule kuna pesa, na pesa hiyo haimfikii mkulima anayeanika njugu zake juu ya udongo mtupu uani kwake Iyolwa. Itamfikia mtu atakayejua kuliziba pengo hilo kwa turubai la kuanikia, kipimo cha unyevu, ghala lenye hewa, bei inayomlipa zaidi mkulima aliyeleta njugu safi, na mkataba ambao mnunuzi wa mbali anaweza kuusoma akauamini. Hayo yote ni masomo. Kuna kozi ya usimamizi wa mzigo kutoka shambani hadi dukani, kozi ya mikataba, kozi ya kupanga bei, kozi ya fedha za biashara ndogo. Na zinafundishwa Julai, wakati wewe uko likizo.

Hapa nisimame kidogo. Wenzetu wa kaskazini wanauita msimu huo majira ya joto, na kwao ni wakati wa kufunga vitabu. Kwetu Julai ni mavuno. Njugu zilizopandwa kwa mvua za kwanza zinang'olewa, wimbi unakatwa, kila mkono unatakiwa shambani, na bei iko chini kuliko wakati mwingine wowote kwa sababu kila mtu anauza siku zilezile. Kwa hiyo ukiondoka Julai, unaondoka nyumbani wakati unahitajika kweli. Silifichi hilo. Lakini ndio wakati wenyewe ambao swali lako linakuwa bichi: kwa nini sisi tunauza siku ya bei mbaya, kila mwaka, tukijua? Ukiingia darasani na udongo wa swali hilo bado kwenye kucha, hutasinzia.

Kozi zenyewe ni zipi? Pale London, chuo cha uchumi kinachojulikana kama LSE kina masomo ya wiki 3 kati ya Juni na Agosti, ya fedha, uhasibu, masoko na uongozi. Copenhagen Business School nchini Denmark ina programu ya wiki 6 kwa wanafunzi wa dunia nzima. Hapa Afrika kwenyewe, LSE na Chuo Kikuu cha Cape Town viliwahi kuwa na kozi ya pamoja ya Julai, ya wiki 2, na maswali yake yaliihusu Afrika moja kwa moja. Kuanzia 2014, programu ya Mandela Washington iliwapeleka vijana wa Afrika wa miaka 25 hadi 35 kwenye vyuo vya Marekani kwa wiki 6, wengine katika fungu la biashara, bila wao kulipa ada. Programu hizi hufunguka na kufungwa, masharti hubadilika, na ufadhili wa serikali za watu hutegemea siasa zao. Soma masharti ya mwaka huu kwenye tovuti ya chuo chenyewe, usitegemee ya mwaka jana uliyosimuliwa na rafiki.

Jambo moja wengi hawalijui, na ndilo linaloifanya kozi fupi kuwa na uzito. Vyuo vya Ulaya huhesabu masomo kwa alama za pamoja: mwaka mzima ni alama 60, na kila alama ni kazi ya saa 25 hadi 30. Kozi moja ya Copenhagen ni alama 7.5. Piga hesabu, utaona ni saa nyingi za kusoma zilizobanwa katika wiki chache. Ukiongea na idara yako mapema, kabla hujaondoka, kozi hiyo inaweza kutambuliwa kwenye shahada yako. Ukienda kwanza ndipo urudi kuomba, utabaki na picha na cheti cha kutundika ukutani.

Kuna wanaodharau masomo mafupi. Wanasema wiki 6 zitakufundisha nini. Hao nawaelekeza kwa Tom Mboya, mtu wa Rusinga kule Kenya, ambaye lugha yake na Dhopadhola yetu ni ndugu wa tumbo moja. Mboya alifunzwa kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akaingia kwenye vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 alipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Hakurudi na digrii. Alirudi 1956 akiwa ameona jinsi milango ya kule inavyofunguliwa, na ni nani wa kumgongea. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1959, ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliopata nafasi vyuo vya Marekani, yeye akiwa miongoni mwa waliolipigania jambo hilo. Hadi 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800, wengi wao wa Kenya, wengine wa Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wangari Maathai aliondoka 1960 kwa mpango huohuo. Mwaka mmoja wa mtu mmoja darasani ulivuta nyuma yake mamia ya watu. Kwa hiyo usinipimie masomo kwa urefu wake.

Basi tuingie kazini.

Anzia ulipo. Busitema, chuo kikuu cha serikali kilichofunguliwa 2007, kiko wilaya ya Busia, na kina kampasi Nagongera, hapohapo Budama. Ng'ambo ya geti, upande wa Kenya, kuna Chuo Kikuu cha Alupe. Ukiwa Makerere au chuo cha biashara cha Nakawa, ni vilevile. Vyuo vingi vina mtu au ofisi inayoshughulikia uhusiano na vyuo vya nje. Nenda ukabishe hodi ukiwa na swali moja lililonyooka: tuna makubaliano ya kubadilishana wanafunzi na chuo gani, na ada inasamehewa? Swali hilo lina thamani kuliko tovuti mia. Pale penye makubaliano, mara nyingi unalipa ada ya kwenu tu, na kazi inayobaki ni tiketi, malazi na chakula. Pasipo makubaliano, ada ya kozi za London ni maelfu ya pauni, na hapo bila ufadhili usijidanganye.

Nasema hivi kwa uzito: usiuze shamba. Usimwache baba auze ng'ombe wa mwisho kwa ajili ya wiki 3. Kozi ya likizo ni ya kuifikia kwa ufadhili, kwa msamaha wa ada, kwa mchango wa watu wengi wanaotoa kidogokidogo. Nafasi za ufadhili hufungwa mapema kuliko nafasi za kozi. Anayeanza kuulizia Mei ameshachelewa mwaka huo. Ajiandae kwa unaofuata, na mwaka mmoja wa maandalizi haujawahi kumdhuru mtu.

Pasipoti ishughulikie kabla hujapata barua yoyote. Ya kawaida ya Uganda ni shilingi 250,000, na huhitaji kwenda hadi Kampala, kuna ofisi Mbale. Hakikisha jina kwenye kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya mitihani limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Sisi tuna tabia ya kuwa na jina la kanisani, jina la nyumbani na jina la shule, kila moja likiandikwa kwa mkono wa mtu tofauti. Herufi moja inaweza kukukalisha miezi. Kadi ya manjano ya chanjo uwe nayo. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen itakutaka uwe na bima ya afya isiyopungua euro 30,000 na haitakuruhusu kuzidi siku 90. Uingereza inakubali masomo yasiyozidi miezi 6 kwa viza ya mgeni. Watataka kuona pesa zimetoka wapi, na pesa iliyoingizwa benki jana kwa mkupuo huwatia shaka. Kama ni mchango wa familia, andikeni barua mseme hivyo.

Na wakala? Mimi mwenyewe nililiwa na mmoja. Alikuwa na ofisi, muhuri, na picha ukutani za watu wakipunga mkono mlangoni mwa ndege. Alichukua pesa ya "kuharakisha faili" mara mbili, na siku nilipokwenda mara ya tatu nilikuta duka la viatu. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa sababu nilikuwa nimempa hadi nauli. Fomu unayoweza kuijaza mwenyewe haimhitaji mtu wa katikati. Kama Kiingereza cha fomu kinakushinda, mtafute mwalimu wako wa zamani. Atafurahi kwamba umemkumbuka.

Ukiona Ulaya bado iko mbali, anza na Nairobi. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Basi la usiku kutoka Busia linakufikisha alfajiri, na Nairobi kuna vyuo vyenye kozi fupi za biashara ambamo utakaa na watu wa nchi kumi. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza jumuiya yetu kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo litapata nguvu pale watu kama wewe watakapolitumia.

Sasa barua ya maombi, na hapa ninakuomba unisikilize kuliko katika yote niliyokwisha kusema. Wasomaji wa maombi husoma mamia ya barua zinazosema "tangu utotoni nilitamani kuwa kiongozi katika biashara". Wanachoka. Barua yako ianze mahali ambapo barua ya mtu mwingine haiwezi kuanza. Andika: mama yangu hununua njugu kwa kilele na kuziuza kwa kukwangua, na tofauti hiyo ndiyo iliyonisomesha. Kisha eleza kilichotokea mahindi yalipozuiliwa mpakani kwa ajili ya sumu ambayo mama hawezi kuipima. Eleza kwamba kuna cheti chepesi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kwamba kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa Februari 2018, na kwamba hata hivyo kina mama wengi bado wanapita njia za panya. Waambie unataka kujua kwa nini, na ni kozi ipi katika orodha yao itakayokusaidia kulijibu swali hilo. Kurasa mbili za namna hiyo hazitasomwa mara moja tu.

Ili uandike hivyo lazima uwe na daftari. Kaa sokoni Jumamosi nne. Andika bei ya kununua, bei ya kuuza, kiwango cha kubadilisha pesa, nani alikopeshwa, nani hakulipa, gunia lilipimwa wapi na kwa kipimo gani, ushuru ulilipwa wapi na risiti ilitolewa au haikutolewa. Mwulize mama, kwa adabu, "Mama, siku ile mahindi yalipozuiliwa, wewe ulifanyaje?" Halafu nyamaza umwache aseme. Chuo cha biashara cha Harvard kimekuwa kikifundisha kwa visa vya kweli kwa zaidi ya miaka 100, na kisa chao cha kwanza, cha 1921, kilihusu kampuni ya viatu. Kisa ni nini? Ni mtu mwenye shida ya biashara, taarifa zisizotosha, na uamuzi wa kufanywa kabla jua halijazama. Pale sokoni wamejaa.

Utakapofika darasani utatishika, nakwambia mapema. Watakuwepo waliozoea kuongea, watakuwa na kompyuta nzuri, watataja majina ya benki kama wanavyotaja majina ya majirani. Kiingereza chako kitakuwa na sauti ya Budama. Kiache hivyohivyo. Siku ya pili au ya tatu mwalimu atauliza jambo kuhusu masoko yasiyo rasmi, au hatari ya fedha za kigeni, au namna imani inavyojengwa pasipo mkataba, na chumba kitanyamaza kwa sababu wengi wao hawajawahi kuishi humo. Inua mkono. Simulia kijiti. Uliza kama faida inayotokana na kilele inaweza kuingizwa vitabuni, na kama mkopeshaji anaweza kuiona. Nina hakika watakufuata nje ya mlango kuendelea kuuliza.

Na ukitoka darasani, ingia dukani. Tafuta rafu ya njugu. Geuza pakiti usome nyuma: zimelimwa wapi, zimefungwa na nani, zina uzito gani, ni bei gani. Piga picha. Linganisha bei hiyo na ya gorogoro yetu siku ileile, kwa kiwango cha mbadilishaji wa pale getini. Hesabu hiyo ilete nyumbani hata kama utasahau zawadi.

Msimu uliopita nilimwambia mama mmoja wa pale sokoni kwamba kuna watoto wa huku wanaoweza kwenda Ulaya kusomea biashara hii hii anayoifanya. Hakushangaa. Alikuwa anampimia mteja, kijiti kikiwa nusu ya mdomo wa kopo. Alimaliza kukwangua, akamimina njugu kwenye mfuko, akapokea pesa, akaihesabu.

"Mwanangu," akasema, "atakayekwenda aniulizie kitu kimoja. Wale wanaonunua kwetu kwa malori, huko kwao wanapimiana kwa kilele au kwa kukwangua?"

Sikuwa na jibu. Nimeandika swali lake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na daftari hilo nampa yeyote wa Iyolwa atakayekuja kuniambia amejaza fomu.